Waziri na Darasa la Vichwa Nusu

Ukitaka kuwatambua wateja wa yule kinyozi, usihangaike na nywele zao. Muulize mtu pembetatu ina pande ngapi. Aliyenyolewa kwingine atakutazama kama una homa. Wa kwetu atakujibu pale pale, tena kwa sauti, na kabla hujamshukuru atakuwa ameshakwambia bata ana miguu mingapi na neno "kuku" linaanza na sauti gani. Hayo yote aliyajua akiwa kwenye kiti cha kuzunguka, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na upande wa pili bado kichaka.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Ukipita pazia la maua lililokuwa nyuma ya benchi, unaingia chumba cha pili, na hapo ndipo kinyozi alipoishi na mkewe na binti yao. Mke alikuwa mfanya usafi hospitalini, mtu wa kutoka kabla hakujapambazuka na kurudi miguu imevimba ila ulimi uko vilevile, mkali. Binti alikuwa na miaka mitano. Wateja walimwita Waziri, kwa sababu kiti cha kuzunguka kikiwa wazi kilikuwa chake, na mtu akiingia lazima aeleze shida yake kwake kwanza. "Unanyoa au unapunguza?" aliwauliza, na wazee wazima wenye wajukuu walijieleza kwa adabu. Baba yake waliishia kumwita Fundi, na hakulalamika.

Chekechea ya kulipia ilikuwepo mtaa wa pili, yenye ukuta uliochorwa vipepeo. Kinyozi alipita hapo kila alipokwenda kununua poda, akijifanya anatazama upande mwingine. Uwezo wa kumpeleka mtoto pale haukuwepo, na hakuna haja ya kulizungusha jambo hilo.

Ndipo serikali ikaleta mpango wake. Watoto wa familia zisizo na uwezo wangesomea nyumbani, mtandaoni, mpaka wafike umri wa darasa la kwanza. Familia inaazimwa tableti, intaneti inalipwa na serikali, mtoto anakaa nayo kidogo kila siku, na kila wiki mwalimu anapiga simu kuuliza wanaendeleaje. Kinyozi na mkewe waliitwa kwenye mafunzo ofisi ya mtaa, wakakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wazazi wengine. Dada aliyewafundisha alirudia jambo moja hadi watu wakaanza kupiga miayo: mzazi akae karibu na mtoto, amtie moyo, lakini asimjibie.

"Hata akikosea?" aliuliza baba mmoja.

"Hasa akikosea," alisema yule dada.

Mke wa kinyozi alimgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Sasa mimi nimefanya nini?"

"Bado. Lakini nakujua."

Na kweli alimjua. Ila tumtendee haki mwanamume huyu, maana haikuwa kosa lake peke yake. Kosa la kwanza lilikuwa la intaneti. Chumba cha nyuma haikuingia kabisa. Walijaribu juu ya kabati, dirishani, hata kitandani mtoto akiwa amesimamishwa juu ya mito, wapi. Mahali pekee iliposhika vizuri ni saluni, kwenye rafu ile ya chini ya kioo, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Mama yuko kazini, baba hawezi kufunga duka mchana kweupe. Basi darasa likahamia saluni, kila alasiri Waziri akishaamka usingizi, na kiti chake kilikuwa kigoda kirefu pembeni ya kile cha kuzunguka.

Ndani ya tableti mlikuwa na bata aliyevaa kofia ya jua. Bata huyo aliuliza maswali kwa sauti ya upole, na mtoto alijibu kwa kugusa picha. Ukipatia, Bata alicheza akitikisa mkia na muziki ukalia. Ukikosea, alikunja shingo na kusema, "Jaribu tena, rafiki." Hakuwa na baya, maskini. Lakini hakuwa na sauti ya kushindana na mashine ya kunyolea. Mashine ikinguruma, Bata hasikiki. Kwa hiyo kila somo lilipoanza, kinyozi alizima mashine, hata kama kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimefika nusu tu.

Na mtu mwenye kichwa nusu hana pa kwenda. Hawezi kutoka kwenda dukani kununua soda. Hawezi hata kugombana na kinyozi, kwa sababu atagombanaje na mtu aliyebaki na nusu ya heshima yake mkononi? Atakaa. Na akikaa atasikiliza, na akisikiliza swali analolijua jibu lake, huku ana haraka zake, atafanyaje? Ataropoka.

"Mbuzi! Gusa mbuzi, mtoto, yule mwenye pembe!"

"Siyo huyo, huyo ng'ombe. Wa kushoto!"

"Kushoto kwake au kushoto kwetu?"

Kinara wao alikuwa dereva wa malori mstaafu aliyeitwa Honi. Huyu alikuwa na upara wa kuzaliwa nao, kama alivyosema mwenyewe, na hakuna siku aliyowahi kunyolewa pale. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi. Miaka yote ya kupiga kelele juu ya injini ilikuwa imemharibu koo, akawa hawezi kunong'ona hata msibani. Waziri alimwita Babu Honi, na kabla Bata hajamaliza swali, Babu Honi alikuwa ameshalijibu. Aliyemfuata kwa bidii ni fundi cherehani wa chumba cha jirani, mtu mpole ambaye hakupenda kelele, ila alielekeza jibu kwa kidevu.

Mambo yakanoga. Bata alicheza kutwa. Wateja walipiga makofi, Waziri akainama kama wachezaji wa jukwaani, na watu walianza kuja saa ya somo kwa makusudi, wengine bila hata nywele za maana. Mwalimu alipopiga simu ya wiki, alisema mtoto anakwenda mbio sana, amewapita wenzake wote wa mtaa ule. Kinyozi akavimba kichwa. Alimsimulia kila aliyekaa kwenye kiti, na aliyewahi kunyolewa anajua kwamba mtu mwenye wembe shingoni hana budi kukubali kila anachoambiwa.

"Akili kachukua kwa baba," alimwambia mkewe jioni moja.

"Kwa hiyo wewe umebaki na nini?" mkewe alimuuliza, akivua viatu.

Kinyozi ni mtu anayeishi ndani ya kioo. Mgongo ameupa mlango, lakini anamwona anayeingia, anayepita, anayejifanya hakumwona. Alasiri moja alikuwa amemfikisha fundi cherehani nusu, mashine imezimwa, yeye amesimama na brashi mkononi akisubiri somo liishe. Bata akauliza neno "maji" linaanza na sauti gani. Honi akanguruma "Mmm!" hadi chupa zikatetemeka. Kinyozi akatupia jicho kioo, akamwona binti yake.

Mdomo wa Waziri ulikuwa unacheza. Ulisema "mmm" nyuma kidogo ya Honi, umechelewa kidogo sana, kiasi kwamba asiyetazama asingejua. Kisha macho yake yakaenda kwenye kidevu cha fundi cherehani, kidole kikafuata kidevu kilipoelekea. Bata akacheza. Watu wakapiga makofi. Mtoto akainama.

Kinyozi hakupiga makofi. Mdomo ule aliujua. Ulikuwa wake mwenyewe.

Alipokuwa mdogo alisoma kwenye darasa lililojaa hadi dirishani. Mwalimu aliuliza, darasa zima likaitikia kwa pamoja, na yeye aligundua mapema kwamba ukifungua mdomo nyuma kidogo ya wenzako, hakuna anayejua kama unajua. "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!" Aliitikia hivyo miaka na miaka, tena kwa nguvu, akasifiwa ni mchangamfu. Kisha ukaja mtihani, na mtihani hauimbwi kwa kwaya. Alikaa na karatasi peke yake, mdomo ukiwa hauna wa kumfuata. Baadaye, akiwa na ndevu zake, alijifunza kusoma polepole kwa magazeti ya wateja, kidole chini ya mstari. Hakuwahi kumwambia mtu.

Somo lilipoisha alimalizia kichwa cha fundi cherehani bila kusema neno, hata fundi akamuuliza kama anaumwa. Wateja walipopungua alimwita binti yake. "Waziri, niletee vitana vinne."

Waziri akaenda kwenye rafu, akakamata kitita cha vitana, akarudi navyo. Akamtazama baba yake usoni. Kinyozi akaukaza uso. Waziri akarudisha kimoja, akamtazama. Akarudisha kingine, akamtazama tena, akisubiri jicho lilegee au mdomo utabasamu. Vitana hakuvitazama hata mara moja. Kusoma alikuwa anasoma, tena vizuri, ila alichokisoma ni uso wa baba yake.

Iliuma. Hakuna neno jingine.

Mkewe aliporudi alimweleza yote, na alipoanza akashindwa kunyamaza, akamweleza na habari za darasa lile la zamani na mdomo wake wa nyuma nyuma. Mkewe alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimeolewa na mwanakwaya," alisema.

Kinyozi akacheka bila kutaka. Mkewe akamshika shingo kwa mkono wenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akautuliza hapo.

"Kesho mpigie mwalimu," alisema. "Mwambie ukweli. Na kijiwe chako kikifungua mdomo tena mbele ya mwanangu, nitakuja mimi na ndoo yangu."

Kinyozi alipiga simu asubuhi, roho mkononi. Alitegemea kufokewa. Mwalimu alianza kwa kucheka.

"Baba, nilikuwa najiuliza. Kuna siku amejibu swali kabla halijaisha."

"Huyo ni Honi."

"Ni nani?"

"Ni mzee mmoja. Dereva. Tusamehe, mwalimu."

Mwalimu akaacha kucheka. Alimwambia masomo yatarudishwa mwanzo, hilo ni jambo dogo. Ila kabla shule hazijafunguliwa angezungumza na Waziri kwa video, wawili tu, mzazi akiwa pembeni asikoonekana. Hakuwa akitafuta mtoto anayejua kila kitu. Alitaka kuona kama mtoto anaweza kufikiri akiwa peke yake. Akiridhika, Waziri ataanza darasa la kwanza kwenye shule ya serikali pale karibu. Asiporidhika, atasubiri mwaka mzima, na tableti haitasubiri naye, itakwenda kwa mtoto mwingine aliye kwenye foleni.

"Muda upo," alisema mwalimu. "Si mwingi, lakini upo. Mwache akosee, baba."

Kinyozi alitangaza sheria mpya siku hiyo hiyo: Bata akianza kuongea, watu wote kimya. Hakuna kujibu, hakuna kukohoa kwa maana, na kidevu kitazame chini.

"Yaani Fundi, unaniambia mimi ninyamaze?" Honi alisimama kabisa. "Mimi nimewahi kunyamazishwa na trafiki tu, na hata yeye alirudia mara mbili."

"Mzee, nakuomba. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Nikijisahau?"

Kinyozi akampa taulo safi. "Jizibe."

Siku ya kwanza ya ukimya ilikuwa mateso matupu. Bata aliuliza, saluni ikawa kimya hata nzi akasikika. Waziri alingoja. Akamtazama Babu Honi, akaona taulo. Akamtazama fundi cherehani, fundi akawa anachunguza dari kana kwamba amekuja kuinunua. Akamtazama baba yake, baba akawa anapangua viwembe. Kidole kikaenda ovyo. "Jaribu tena, rafiki." Kikaenda pengine. "Jaribu tena, rafiki."

Waziri akageuka, mikono kiunoni. "Leo wote mmekuwa wajinga?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Honi aliling'ata taulo mpaka mishipa ya upara ikamtoka. Bata aliposema tena jaribu tena, Waziri alishuka kwenye kigoda, akapita pazia, akajitupa kitandani na kulia kilio cha mtu aliyesalitiwa na ukoo mzima. Kinyozi alisimama kati ya pazia na kichwa cha mteja, hajui aanze na kipi.

Haikuwa siku moja. Ukimya uliendelea, na vilio vikaendelea nao. Mfanyabiashara mmoja, mteja wa siku nyingi, alisema yeye alikuja kunyolewa, hakuja matangani, akavaa kofia juu ya kichwa chake cha nusu na kuondoka. Kinyozi aliumia, lakini mashine hakuiwasha. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kinywani mwake. Kila swali alilijua jibu, na jibu lilimkaa ulimini likimuwasha kama pilipili, na mtoto wake wa kumzaa alikuwa pale akihangaika. Neno moja tu lingemaliza tabu. Alijikaza kisabuni. Alimpangusa mteja poda mara mbili, mara tatu, mpaka mteja akapiga chafya.

Mama naye siku za mapumziko alichukua zamu yake, na mtindo wake ulikuwa mwingine. Hakukaza uso wala hakutabasamu. Alimpa mtoto kazi akampa mgongo. "Weka vijiko, kila mtu chake," alisema huku akiosha sufuria. Waziri aliuzunguka mgongo ule kutafuta uso, hakuupata. Ikabidi avitazame vijiko.

Halafu ikaja alasiri moja ambayo hadi leo watu wa benchi lile wanaisimulia, kila mmoja akitia chumvi yake. Bata alionyesha vyura kwenye jani, akauliza wako wangapi. Waziri alitazama huku na huku kwa mazoea. Taulo, dari, viwembe. Akashusha pumzi ya mtu mzima. Kisha akashuka kwenye kigoda, akaenda kwenye benchi, akaanza kugusa watu vichwa, mmoja mmoja, akirudi kila mara kutazama chura aliyelingana na kichwa hicho. Aliugusa upara wa Honi. Akamgusa kijana wa duka la simu. Akaja kwenye kiti cha kuzunguka, kwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa amenyolewa upande mmoja, akasita.

"Moja, mbili," alisema kwa sauti, "na nusu."

Walicheka kimyakimya, na kama hujawahi kuona wanaume wazima wakicheka kimyakimya, basi hujaona kitu. Benchi lilitikisika. Mwalimu mkuu alilia machozi chini ya shuka. Waziri hakuwajali. Alimzunguka mwalimu mkuu, akamtazama upande wenye nywele, akamtazama na upande usio na nywele, akaamua kwamba mtu ni mtu. "Tatu." Akarudi, akagusa tatu. Bata akacheza.

Hakuna aliyepiga makofi, maana sheria ilikuwa sheria. Wote walimtazama kinyozi. "Makofi ruhusa," alisema. Fundi cherehani wa watu, aliyechukia kelele, ndiye aliyepiga mluzi.

Sitaki kudanganya kwamba kuanzia hapo mtoto akawa mwanasayansi. Alikosea kila siku. Alichanganya duara na yai, akamtukana Bata kwa jina ambalo mama yake alitaka sana kujua alilisikia kwa nani, na Honi akapata safari ya ghafla. Lakini aliacha kutazama nyuso. Aligusa vitu, akavipanga, akavipangua. Akawa anasema peke yake huku anafikiri, na mdomo wake haukuwa nyuma ya mtu.

Siku ya mazungumzo na mwalimu ilipofika, kinyozi alifunga saluni nusu mlango. Nje alimweka Honi na ufagio, azuie watu. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake bila kuombwa. Mama alikuwa zamu, na alikuwa ametoka asubuhi akimwambia mumewe maneno machache tu: "Ukimnong'oneza nitajua." Kinyozi alimkalisha binti kwenye kiti cha kuzunguka, akasimamisha tableti rafuni, uso wa mwalimu ulipotokea akasalimia, akapita nyuma ya pazia kama alivyoelekezwa. Hapo akabaki amesimama, anasikia kila kitu, haoni kitu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Waziri. "Unanyoa au unapunguza?"

"Marahaba, mwanangu. Leo napunguza," alisema mwalimu, bila hata kushtuka, na kinyozi akampenda papo hapo.

Waliongea juu ya rangi ya gauni na juu ya Babu Honi. Kisha mwalimu akasema, "Haya, nisikilize. Bata watano wanaogelea. Wawili wametoka majini, wamekwenda zao. Majini wamebaki wangapi?"

Kimya.

Kinyozi alisikia kiti kikizunguka polepole. Alijua mtoto anatazama benchi. Benchi lilikuwa tupu. Kiti kikazunguka tena, bila shaka kuelekea kioo, na kwenye kioo hakukuwa na mtu ila yeye mwenyewe. Watatu, alisema moyoni. Watatu, mwanangu, watatu. Alilishika pazia, akaliweka mdomoni, akaling'ata, maua na vumbi lake.

"Sijui," alisema Waziri.

Alilisema kwa sauti kamili, mtoto asiye na wasiwasi. Baba yake akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwaka mzima. Tableti imekwenda. Akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkewe.

"Sawa, hujui," alisema mwalimu. "Sasa tufanyeje?"

"Ngoja."

Kinyozi akasikia miguu midogo ikishuka sakafuni. Akasikia vitana vikichukuliwa rafuni, vikiwekwa kitini kimoja kimoja, na sauti ya binti yake ikivihesabu bila haraka. Kitana kikaanguka, kikaokotwa. "Hawa wawili wanakwenda kwao," alisema Waziri, na vitana viwili vikatumbukizwa kwenye glasi ya spiriti, vikalia. Kisha kimya tena, kimya kirefu kuliko cha kwanza, lakini hiki kilikuwa na kazi ndani yake.

"Watatu," alisema Waziri. "Na mmoja amevunjika jino."

Mwalimu aliuliza mengine, na mengine mtoto aliyapata na mengine hakuyapata. Kinyozi hakuyasikia vizuri. Alipoitwa atoke, mwalimu alikuwa anatabasamu, akamwambia aandae sare, shule zikifunguliwa amlete mtoto. Kinyozi alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi skrini ikazimika yeye bado anashukuru.

Waziri alikuwa anatoa vitana kwenye spiriti na kuvinusa. "Baba, wewe ulikuwa unajua wamebaki wangapi?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

Kinyozi alichuchumaa wakawa macho kwa macho. "Swali lilikuwa lako."

"Na Babu Honi alikuwa anajua?"

"Tangu mwanzo!" kilinguruma kitu nje ya mlango. "Watatu! Nimefyata ulimi hapa mpaka nimepata homa!"

Kinyozi alichukua simu akampigia mkewe. Ilichukua muda kupokelewa, na ilipopokelewa alisikia ndoo ikiwekwa chini na mwangwi wa ukumbi mrefu wa hospitali.

"Enhe?" alisema mkewe. "Niambie haraka, msimamizi yuko karibu."

"Swali kaulizwa, kasema hajui."

"Kasemaje?"

"Kasema 'sijui.'"

"Kwa sauti au mdomoni?"

"Kwa sauti. Kama anaomba maji."

"Mbele ya mwalimu?"

"Mbele ya mwalimu, mke wangu. Wala hakutazama chini."

Hata hakungoja kuambiwa kwamba mtoto amepita. Mwanamke yule alipiga kigelegele pale pale, fagio la kudekia mkononi, katikati ya ukumbi ambamo yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza watu kelele, hadi muuguzi akatoka wodini mbio kuuliza nani amejifungua.